Sura ya Tisa: Makopo Mawili Gizani

Jean hakugeuka mlango wa mahabusu ulipofunguliwa. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, uso umevimba upande mmoja. Nje jua la mchana lilikuwa linachoma bati, lakini mle ndani mwanga uliingia kwa tundu moja tu chini ya dari.

"Ni nani?" akauliza.

"Huoni ni nani?" Inspekta Aikande akamrudishia.

"Naona kuna mtu. Ni nani, hapo sijui."

Koplo Nickson, aliyeshika funguo, akacheka. "Jana tulimpa uji, akaingiza kidole kikombeni kwanza ndipo akanywa. Huyu angefaa kuigiza redioni, afande."

"Redioni nani angekiona kidole? Funga mdomo, ufungue pingu."

Jumatatu, giza lilipoanza kuingia, Feliksi, fundi wa injini za boti, aliuawa ufukweni Bangwe. Alipigwa spana kichwani, kati ya boti zilizovutwa mchangani. Watu waliokuja mbio na karabai walimkuta Jean amelala juu ya maiti, damu mikononi na kifuani. Jean alikuwa mkimbizi kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, tena aliyetoroka kambini kuja kubeba mizigo. Watu hawakutaka ushahidi zaidi ya huo. Walimpiga mpaka polisi walipofika. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la mauaji, na adhabu yake ni moja, kitanzi.

"Nieleze tena," Aikande akasema.

"Nimekueleza, mama."

"Nieleze tena."

"Nilikuwa natoka kushusha magunia. Giza likanikuta. Mimi giza likiingia sioni kitu, macho yangu ni ya kuku. Nikawa natembea kwa kushika boti na mkono. Mtu akaja mbio, akanisukuma na bega. Akasema, 'Toka njiani, kuku wewe!' Nikaenda hatua kidogo, nikajikwaa. Nikaanguka juu ya kitu laini. Nikapapasa nijue ni nini. Ilikuwa uso wa mtu."

"Sauti hiyo ukiisikia utaijua?"

"Hata nikiwa nimekufa."

Nje ya geti la kituo Angelina, mke wa Jean, alikuwa amekaa pale pale alipokaa tangu Jumatatu, mtoto mgongoni. Aikande alitaka kupita. Angelina akamshika suruali ya sare, kisha akaiachia haraka kama aliyeungua.

"Mama afande, ni mimi nilimtoa kambini. Yeye hakutaka. Kule tulikula mahindi na maharage, mahindi na maharage, mpaka macho yake yakaanza kufa jioni. Nikasema twende ziwani, tukapate samaki. Kama ni kosa la kutoroka, nifungeni mimi."

"Hajashtakiwa kwa kutoroka, dada."

"Najua. Ndiyo maana nasema nifungeni mimi."

Aikande akarudi ndani ya geti. Akaingia ofisini kwa Mrakibu Eliudi, mkuu wake.

Jalada lilikuwa limekwisha funguliwa mezani. Eliudi alikuwa mtu wa kuongea taratibu, hasa alipokuwa amekasirika.

"Una mlinzi," akasema. "Asumani. Analinda boti pale pale. Alikuwa amekaa juu ya boti iliyofunikwa, hatua chache kutoka maiti ilipokuwa. Anasema nini?"

"Anasema hakuona kitu, afande. Anasema na yeye macho yake ni ya kuku."

"Wakimbizi wawili, ugonjwa mmoja. Mmoja haoni anayemuua, mwingine haoni anayeuawa." Eliudi akafunga jalada. "Kigoma nzima imekuwa banda la kuku. Kesho asubuhi huyu Jean anakwenda mahakamani."

"Nipe leo."

"Leo unayo. Jua likizama, huna."

*

Zahanati haikuwa na daktari wa macho. Muuguzi Melania alimsikiliza Aikande huku akifunga dawa.

"Ugonjwa upo, usiudharau. Wanaotoka kambini wanao. Mtu akila mahindi na maharage tu miezi mingi, macho ya jioni yanakufa. Sisi huku hatuupati kwa sababu ya mawese. Hata aliyekwisha kuupata, mpe mawese na maini, baada ya wiki chache anaona."

"Nitamjuaje anayeumwa na anayedanganya?"

"Mimi huwa namwuliza mgonjwa, unaona? Akisema haoni, nampa dawa." Melania akainua mabega. "Lakini kituo cha mapokezi kuna mzee wa Burundi, anaitwa Mwalimu Bonaventura. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kupima macho ya watu gizani, huko chuoni kwao. Mjeuri kidogo. Nenda na sigara."

Aikande alimkuta Bonaventura chini ya turubai la msaada, amevaa miwani yenye kioo kimoja. Tundu la pili lilikuwa wazi na jicho lake lilichungulia hapo kama mtu aliye dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sigara kwanza, maneno baadaye."

Akavuta. Akasikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akauliza, "Hao watu wawili uliwauliza nini?"

"Kama wanaona jioni."

"Wakasema?"

"Hawaoni."

"Basi hujauliza kitu, madamu. Swali hilo linapima ulimi. Miaka kumi na minne nilikaa kwenye chumba cheusi nikiwaonyesha wanafunzi mwanga mdogo sana. Nikiuliza, 'Unaona?', mwenye haraka anasema ndiyo hata nikiwa nimezima. Mwoga anasema hapana mpaka mwanga umchome. Macho yao ni sawa! Wanachotofautiana ni ushujaa."

"Kwa hiyo unauliza vipi?"

"Huulizi kama anaona. Unamwambia mwanga upo, uko upande mmoja. Kushoto au kulia? Hana ruhusa ya kusema sijui. Lazima achague." Akazima sigara kwa kidole na kuiweka nyuma ya sikio. "Nitafutie stoo isiyo na madirisha, makopo mawili ya mafuta ya msaada, mishumaa, na bahasha za kaki. Na mtu wa kurusha sarafu ambaye hapendi kuongea."

"Wa mwisho sina," Aikande akasema. "Nina Nickson."

*

Stoo ya dagaa ya Bangwe ilikuwa tupu. Wakaziba mianya ya mbao kwa maturubai. Bonaventura akatoboa kila kopo tundu la ukubwa wa punje ya maharage, akaweka mshumaa ndani, akaning'iniza kipande cha bati mbele ya tundu kama pazia. Juu ya tundu akagandisha karatasi ya kaki, moja, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka mwanga uliotoka ukawa kama unyevu tu, kitu ambacho mtu akikikazia macho kinatoweka.

Wakati Nickson anapanga makopo, kushoto na kulia, Aikande alikwenda kumchukua Asumani. Alimkuta kwenye kibanda cha chakula cha Mama Verediana, anamalizia kula. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye adabu, kutoka Baraka kama Jean. Sahani yake ilikuwa na dagaa waliozama kwenye mawese. Alikuwa anafuta mafuta kwa tonge la mwisho, na vidole vyake vilikuwa vya rangi ya machungwa mpaka kwenye kucha.

"Ananawa?" Aikande akamwuliza Mama Verediana.

"Rangi hiyo haitoki, afande. Anakula hapa kila siku tangu mwaka jana. Nikimwekea mawese kidogo ananiuliza kama nimefiwa."

Asumani akacheka kwa heshima. Aikande hakucheka. Hakusema neno juu ya mawese. Mkuu wake angemjibu kwamba kuna watu wanakula mawese na bado hawaoni, na asingekuwa na la kumrudishia.

Jean aliingizwa kwanza. Wote walikaa gizani nusu saa kabla ya kuanza, maana Bonaventura alisema jicho lililotoka juani ni sawa na mtu aliyetoka usingizini, usimwulize kitu. Aikande alikaa nyuma ya kiti cha Jean. Mwanzo hakuona hata mkono wake. Baadaye akaanza kuona mwanga mdogo, upande huu, kisha upande huo, wazi kabisa. Katika mfuko wa kulia wa koti alikuwa anaweka punje ya mahindi kila Jean alipopata. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa kukosa.

"Nickson," Bonaventura akanong'ona. "Kila mara sogeza mabati yote mawili. Moja unalifungua, la pili unalitikisa tu. Asije akasikia badala ya kuona. Tena usikohoe."

"Sijakohoa."

"Ulitaka kukohoa."

Sarafu ikarushwa. Mabati yakagonga, na Bonaventura akauliza:

"Kushoto au kulia?"

"Sioni kitu," Jean akasema.

"Sikukuuliza. Chagua."

"Kulia."

Ilikuwa kushoto. Sarafu ikarushwa tena. Jean alichagua kama mtu anayechagua mlango wa nyumba inayoungua, kila mara akisita, kila mara akisema jina la Mungu kwa sauti ya chini. Alijua maisha yake yamo kwenye makopo yale, ila hakujua ni kwa vipi. Mara kadhaa alianza kulia. Walipomaliza mara ishirini Bonaventura akaondoa karatasi zote za kaki, mwanga ukawa mkali, na Jean akapiga kelele, "Huo! Huo nauona! Kulia!" Na ilikuwa kulia.

Wakamtoa nje. Aikande akahesabu punje mlangoni. Alizopata kumi na moja, alizokosa tisa.

"Nusu," Bonaventura akasema. "Huyu anabahatisha. Anayebahatisha hupata nusu, kama sarafu. Macho yake yamekufa kweli."

"Au ni mjanja, akaamua kukosa nyingine na kupata nyingine."

"Kukosa nusu kamili kwa kukusudia ni kazi ngumu, madamu. Lazima uhesabu ulipopata na ulipokosa huku unaogopa kunyongwa. Mimi na shahada zangu nisingeweza. Lakini mlete wa pili. Mimi huwa nampenda wa pili."

Asumani aliingia akipapasa ukuta, ingawa mlango ulikuwa bado wazi na jua lilifika mpaka katikati ya stoo. Aikande akaliona hilo. Akafunga mlango. Wakakaa muda ule ule.

"Kushoto au kulia?"

"Mimi sioni, afande. Nimeshasema."

"Chagua."

"Haya. Kulia."

Kushoto. Punje ikaenda mfuko wa kushoto.

"Kushoto au kulia?"

"Kushoto."

Kulia. Asumani hakusita kama Jean. Alijibu upesi, kwa utulivu, kama mtu anayejaza maji kwenye ndoo. Mfuko wa kushoto ukaanza kuwa mzito. Mara ya saba Aikande alidhani Nickson amekosea kupanga makopo, akakaza macho mwenyewe. Mwanga ulikuwa kulia, wazi, kama alivyouona mara zote.

"Kushoto," Asumani akasema.

Kufikia mara ya kumi Bonaventura alikuwa ameacha kunong'ona. Kilichosikika ni swali, jibu na mabati.

Walipomaliza, Aikande hakumtoa Asumani nje. Alifungua mlango, akamwaga punje kwenye sakafu mbele ya miguu yake, mafungu mawili.

"Za huku ulizopata. Mbili. Za huku ulizokosa. Kumi na nane."

"Nilikwambia, mama," Asumani akasema. Akajaribu kutabasamu. "Nimekosa karibu zote. Sioni."

Bonaventura akachuchumaa, akaivua miwani. "Mtoto wangu," akasema, "kipofu hawezi kukosa namna hiyo. Kipofu hata yeye ana bahati. Rushia kipofu sarafu ishirini, atapata tisa, atapata kumi, atapata kumi na mbili. Ili ukose kumi na nane lazima ujue mwanga uko wapi, uukimbie. Umeuona kila mara. Umeuona vizuri kuliko mimi."

Asumani akatazama mafungu yale. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kwa sababu alisahau kuliondoa. Kisha likaondoka.

"Mwenzako aliyetoka hapa," Aikande akasema, "alikaa kwenye kiti hicho hicho. Yeye haoni kweli. Kesho anasomewa mauaji. Mtoto wake hata meno hajaota. Wewe ulikuwa umekaa juu ya boti. Ulimwona nani?"

"Afande, nipe mpaka kesho."

"Kesho yeye atakuwa mahakamani."

"Basi nipe mpaka jioni hii." Sauti ilikuwa imebadilika. "Jioni tu. Wakishashuka nitasema yote. Nitasema mbele ya hakimu, nitasema kanisani na msikitini, popote unapotaka. Wacha washuke kwanza."

"Akina nani?"

Asumani akafunika uso kwa vidole vile vya rangi ya machungwa.

"Dunia, mke wangu. Na watoto watatu."

Aikande akavuta gunia tupu, akakaa chini sawa na yeye. "Anawaleta nani?"

"Rodgers."

Kila mtu Bangwe alimfahamu Rodgers. Alikuwa na boti yenye injini kubwa, na tangu vita ianze ng'ambo alikuwa anavusha watu usiku na mchana. Maiti ya Feliksi ilipozikwa yeye ndiye alinunua sanda.

"Alikuwa Rodgers," Asumani akasema. "Spana ilikuwa mkono wa kulia."

"Sasa anajua kulia," Bonaventura akanong'ona, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Waligombana kuhusu nini?"

"Feliksi alikuwa amesafiri naye wiki iliyopita kuangalia injini. Alikuwa anapiga kelele. 'Uliwamwaga! Boti ilikuwa nzito ukawamwaga watu majini, na mimi nilikuwepo! Nitasema!' Rodgers akampiga mara moja tu. Kisha akageuka akaniona pale juu ya boti. Akasimama. Feliksi bado anatikisika miguu. Akaniambia, 'Asumani, Alhamisi alfajiri naenda Baraka. Mkeo na watoto nitawachukua mwenyewe, na siyo kwa shida. Wewe umeona nini?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema, sioni."

Nje mama mmoja alikuwa anageuza dagaa mchangani kwa fagio, na sauti ya fagio ilisikika wazi.

"Halafu akakimbia, akamsukuma huyu ndugu," Asumani akaendelea. "Nilimwona Jean anapapasa. Nilimwona anakwenda pale pale, pale pale penye maiti. Nilitaka kumwita. Sikumwita. Nilishasema sioni, sasa ningemwitaje?"

Aikande akasimama. "Boti inarudi saa ngapi?"

"Jua likianza kuingia ziwani. Nakuomba, mama. Akiona polisi mchangani hatatia nanga. Atarudi nao katikati ya ziwa. Feliksi alisema anavyofanya katikati."

*

Eliudi alisoma maelezo ya Asumani akiwa amesimama. Alipomaliza aliita Land Rover.

"Hapana, afande," Aikande akasema. "Tukienda na gari, ataliona kabla hatujaiona boti yake. Nipe vijana wanne wavae kaptula na kukaa kwenye nyavu. Mimi nitakuwa stoo. Na nampeleka Jean. Anasema sauti ataijua."

"Na huyo bwana asipotua?"

"Atatua."

"Asipotua, Inspekta, nina karatasi ya mlinzi aliyeapa Jumatano kwamba haoni, na Alhamisi anaapa kwamba anaona. Wakili yeyote ataitumia kufunga maandazi. Nikikosa mtu mwingine wa kumfikisha mahakamani kesho, nitamfikisha niliye naye."

"Nimeelewa, afande."

"Sidhani. Nenda."

Walikuwa watano ndani ya stoo: Aikande, Jean, Asumani, Bonaventura, na askari mmoja aliyemshika Jean mkono. Makopo mawili yalikuwa bado yamesimama mahali pake. Aikande alikuwa ameondoa turubai kwenye mwanya mmoja wa mbao, na kupitia hapo aliona mchanga, nyavu, Nickson amevaa kaptula iliyochanika akijifanya anashona nyavu, na ziwa.

"Nickson anashona kwa sindano au kwa kidole?" Bonaventura akauliza.

"Nyamaza, Mwalimu."

Jua lilishuka juu ya milima ya Kongo. Ndani ya stoo giza liliingia mapema. Jean akaanza kunyoosha mkono mbele, kama walivyomzoea mahabusu, akitafuta ukuta. Asumani akaushika mkono ule na kuuweka juu ya mbao, bila kusema kitu. Njiani Aikande alikuwa amemweleza Jean kwamba Asumani amesema alichoona, na kwamba mke na watoto wake wanasubiriwa na boti hiyo, lakini tangu walipoingia hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake neno.

Kisha Asumani akasema, "Ile."

Aikande hakuona kitu. Alimwita Bonaventura, Bonaventura akaweka kioo chake kimoja kwenye mwanya, akatikisa kichwa. Lakini Asumani alikuwa amesimama wima, paji la uso limegusa mbao. Muda mrefu ulipita ndipo Aikande na yeye akaona nukta nyeusi, halafu nukta yenye kichwa, halafu boti.

Boti ilikuwa inakuja moja kwa moja ufukweni. Hatageuka sasa, Aikande alijua. Akainua mkono kumzuia askari asisogee.

Alikuwa mzaliwa wa Machame, amekulia mlimani, lakini miaka mitatu ya Bangwe ilimfundisha kuangalia boti. Iliyojaa watu huzama mpaka mbao za juu zinakaribia maji, na huja polepole, kama ng'ombe mwenye mimba. Boti hii ilikuwa imepanda juu. Pua yake ilikuwa hewani na ilikuwa inarukaruka juu ya mawimbi madogo.

Alimtazama Asumani kwa pembeni. Asumani hakupepesa macho.

Injini ikazimwa. Mtu akaruka majini na kamba begani, akaanza kuvuta. Aliwapigia kelele wale wa kwenye nyavu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na watu:

"Nyie kuku! Mmekaa tu? Njooni mvute!"

Jean akamshika Aikande kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma. "Huyo," akasema. "Ni huyo. Ni yeye, mama. Ni yeye!"

Aikande akapiga mluzi. Nickson na wenzake wakaacha nyavu. Rodgers alirusha kamba, akageuka kurudi kwenye maji, na maji yalikuwa yanamfika magotini walipomwangusha. Ilichukua muda mfupi sana. Msaidizi wake alibaki ndani ya boti ameinua mikono, peke yake, na nyuma yake hapakuwa na kichwa cha mtu mwingine, wala mzigo, wala mtoto aliyelala. Kulikuwa na kitenge kimoja kimeanikwa kwenye ubao wa kukalia.

Askari alimfungua Jean pingu. Jean hakuona wala pingu wala aliyezifungua. Alisikia tu mikono yake imekuwa mepesi. Akaanza kucheka na kulia pamoja. Akapapasa hewani mpaka akampata Asumani begani.

"Kaka," akasema, "umenitoa. Mungu akuone. Umenitoa. Wamefika? Mke wako, watoto, umewaona?"

Asumani alikuwa bado ameweka paji la uso kwenye mwanya. Bonaventura alivua miwani yake, akaishika mkononi, akageuka upande wa ukuta. Aikande alitaka kusema kitu, lakini swali halikuwa lake.

"Kaka? Unawaona?"

"Sioni," Asumani akasema. "Kama wewe tu. Giza limeingia. Sioni."